Nyumba imeuzwa, deni limebaki

Muulizaji, Mbeya: Ndugu zangu, benki imeuza kwa mnada nyumba yangu ya Uyole, yenye mparachichi mlangoni, na bado inanidai salio. Nikitangazwa mufilisi, deni litafutika?

Jibu, Iringa: Pole sana, ndugu. Ufilisi hauirudishi nyumba. Salio huunganishwa na madeni mengine, nawe huwi huru mpaka mahakama ikuondolee madeni hayo. Kagua kwanza bei, kwani Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema kwamba nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, muuzaji huchukuliwa kuwa amekiuka wajibu wake hadi athibitishe vinginevyo.

Jibu, Tukuyu: Itazame pia notisi ya siku 60, ile ambayo benki humpa mdaiwa kabla ya kuuza. Yangu ilikuwa na tarehe iliyofutwa kwa wino, na wakili alianzia hapo.