Mrejesho: skolashipu za sayansi bila uzoefu wa utafiti

Wakuu nimerudi. Niliuliza kama mtu wa digrii ya kwanza ambaye hajawahi kugusa utafiti anaweza kuomba skolashipu za sayansi, mkanipa mawazo kibao, asanteni sana aisee.

Yule aliyesema nisisubiri maabara nichukue data za bure, nilimfuata, nikashusha sikwensi za jeni (yaani mpangilio wa herufi za DNA) kutoka GenBank, hifadhi ya bure mtandaoni, nikazilinganisha kwa BLAST, programu ya kutafuta sikwensi zinazofanana, kaprojekti kadogo tu ila kwenye maombi nikapata cha kueleza, swali langu lilikuwa nini, nilifanyaje, wapi paligoma. Barua ya mapendekezo nikaomba kwa mwalimu aliyenisimamia praktikali, sio profesa mwenye jina kubwa asiyenijua hata sura, na huu ushauri ndio naona ulibeba kila kitu.

Skolashipu kubwa nimekosa, hata usaili sikuitwa. Ile ndogo ya utafiti wa likizo, ambayo tangazo lilisema wazi hawahitaji uzoefu, nimepata na posho ipo! Kuwaandikia maprofesa nisiowajua imeili hakukunisaidia, karibu wote kimya, labda kwa mwingine itakubali. Mwezi ujao naanza maabara.