Kijana akisema "nataka maisha mazuri tu" namsaidiaje kupanga?

MwanaLikoni: Salaam aleikum jamani. Jioni huwa nakaa na vijana wa mtaani huku Likoni, Mombasa, wamemaliza fomu foo hawana kazi wala chuo, nataka wajipange. Shida nikiuliza unataka nini naambiwa "maisha mazuri tu", ama mmoja akisema meli basi wote wanasema meli. Nikiwashauri wananiitikia sawa bro halafu hakuna kinachofanyika. Kuna mmoja asubuhi yuko feri anabebea watu mizigo, ana akili mashallah, nahofia ataishia maskani. Wenye uzoefu wa koching mnaanzia wapi?

BintiTudor: Kaka hongera kwa moyo huo. Punguza kushauri, kushauri na kukochi ni vitu viwili, kukochi ni kumuuliza maswali mpaka apate jibu lake mwenyewe, jibu lako yeye atalitupa kona ya kwanza kwa sababu si lake. Kuna mtindo unaitwa GROW, John Whitmore wa Uingereza ndiye aliusambaza sana miaka ya 90. Unaanza na anachotaka, halafu hali yake ilivyo saa hii, halafu njia zilizopo, mwisho atafanya nini na lini. Watu hukimbilia njia wakaruka hali, na hapo kwa hali ndio penye kazi. Huyo wa meli muulize, ameshaongea na baharia yeyote? Anajua zile kozi za usalama za STCW (mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia), kuzima moto, kujiokoa majini, huduma ya kwanza? Ada je? Mwache aende mwenyewe Bandari Maritime Academy, chuo cha mambo ya bahari hapa Mombasa, akaulize, usimuendee wewe. Akirudi na jibu hata kama ni baya, lengo limeanza kuwa lake.

Changamwe_Baba: Na akishajua ada, "nitatafuta hela" isiwe ndio mpango. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameandika sana kuhusu mipango ya "ikitokea hivi nafanya hivi", mtu anafunga kitendo na wakati maalum. Yaani huyo wa feri aseme, nikimaliza mzigo wa mwisho wa asubuhi, kabla sijanunua chai, naweka mia kwa M-Shwari ya kulock, ile akiba ya simu unayoifunga kwa muda. Alitamke mwenyewe kwa mdomo wake. Pia mwambieni ajihadhari na hawa wa "nipe hela nikupeleke melini", wakala ahakikishwe kwanza Kenya Maritime Authority, mamlaka ya serikali ya mambo ya bahari.

MamaKisauni: Mwanangu, unawauliza wakiwa kundi? Hapo maskani nani atasema anataka kuwa fundi cherehani wenzake wakimwangalia? Mchukue mmoja mmoja, mvuke feri pamoja mkiongea. Na uulize nyumbani nani anamtegemea, manake hiyo mia ya kulock huenda ndio unga wa wadogo zake, basi mpango uanze na ishirini, ama usubiri. Ukiona mtu halali usiku, hali chakula, ama ameingia kwa unga ule mwingine, huyo si wa malengo sasa, anahitaji mshauri nasaha ama hospitali.

MwanaLikoni: Ahsante sana mama. Na akisema kweli anataka cherehani lakini babake anataka aende bandarini, niongee na mzee?

MamaKisauni: La, usimsemee. Kaa naye mfanye mazoezi, wewe uwe mzee yeye aongee, umuulize yale maswali magumu yote, cherehani itatoka wapi, atajifunza kwa nani, kipato kitaanza lini. Siku akiweza kukujibu bila kuinamisha kichwa, aende kwa babake baada ya Isha mzee ameshakula.