Msaada wakuu: shorumu ya zamani ya Volkswagen Nairobi ilikuwa jengo gani?

KobeMzee: Wakuu habari za asubuhi. Nipo Arusha, nina Beetle ya 1956, ile yenye kioo kidogo cha nyuma cha umbo la yai. Ukifungua mlango wa dereva kuna kibati cha kampuni iliyoiuza ikiwa mpya Nairobi ila namba ya jengo imefutika. Nasikia hao jamaa walihamahama, sasa nataka kujua walianzia wapi wakaenda wapi, nimekesha mtandaoni siku tatu sijapata kitu na Ijumaa ndo mwisho. Msaada tafadhali.

MzeeWaSpana: Uza hiyo nunua IST ulale usingizi.

Mama Kulwa: Umenikumbusha mbali! Marehemu baba alikuwa nayo Moshi, tunapanda saba na mbuzi wa Krismasi. Sie wadogo tulikuwa tunatupwa kile kishimo nyuma ya kiti, nyuma yake ndo injini, joto lake tamu kama uko jikoni, ukiamka mmeshafika na unanuka petroli mpaka Jumapili.

NairobiKale: Wacha Google. Enda McMillan Library hapo Banda Street uitishe magazeti ya East African Standard ya miaka hiyo uangalie matangazo ya magari, na ukipata vitabu vya simu vya zamani ufuate jina la kampuni mwaka baada ya mwaka, anwani ikibadilika ujue walihama. Lakini chunga, mitaa ilibadilishwa majina. Government Road ndiyo Moi Avenue, Hardinge Street ndiyo Kimathi, Sadler ndiyo Koinange. Kibati kinasema mtaa gani?

KobeMzee: Si nimesema kimefutika mkuu.

NairobiKale: Ulisema namba. Mtaa je?

KobeMzee: Kenyatta Avenue.

NairobiKale: Gari la 1956? 😂 Mwaka huo Kenyatta alikuwa amefungwa Lokitaung, nani angempa barabara? Hiyo ilikuwa Delamere Avenue.

KobeMzee: Labda walibadilisha kibati baadaye kwenye sevisi, inawezekana. Mwenye gari ni mtu mzima, mzee wa kanisa, hawezi kunidanganya. Na nimeshampa milioni nne, bado tano.

MzeeWaSpana: Ohoo, "nina Beetle" kumbe huna! Sikia dogo. Inua kiti cha nyuma, katikati pale kwenye tanel, lile tuta la katikati ya floo, namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma, ilinganishe na kadi. Ikikubali waandikie makumbusho ya Volkswagen kule Wolfsburg, unalipia wanakupa cheti cha kuzaliwa cha gari, kinasema lilitoka kiwandani lini na lilipelekwa wapi. Achana na kibati, kibati hata mafundi wa Gerezani, Kariakoo wanatengeneza.

KobeMzee: Pale chini pamechomelewa bati jipya, alisema floo ilioza. Ila injini inawaka mara moja tu, we acha. Mimi swali langu ni jengo jamani, hayo mengine nimeshayafikiria.

Mama Kulwa: Baba alikuwa anasema gari na mchumba usichukue usiku.

MchunguziHuru: Hivi hamshtuki? Mtu katoa milioni nne halafu kinachomnyima usingizi ni jengo la shorumu? Huyu ndo muuzaji mwenyewe. Kibati chake kimegundulika kina kosa, amekuja tumsahihishie, wiki ijayo utakikuta kinasoma Delamere Avenue na namba ya jengo juu. NairobiKale umemfundisha bure.

NairobiKale: Aki ya nani, na mimi nimempa hadi maktaba.

Mama Kulwa: Na mbuzi wa baba atamuweka kwenye tangazo 😭

KobeMzee: Naapa mimi sio dalali. Mnakosea sana watu humu.

MchunguziHuru: Weka picha ya kibati.

KobeMzee: Kamera ya simu yangu mbovu.

MchunguziHuru: Azima simu.

KobeMzee: Kwani kabla ya Delamere Avenue walikuwa wapi? Nisaidieni hilo tu.

MzeeWaSpana: Hiyo tisa ina maongezi?