Kijana ameshinda mbio za baiskeli, badala ya pongezi akapewa chupa akojoe, eti apimwe dawa!

FundiSpoki:
Wadau, nimeingia nyumbani sasa hivi na mikono bado inatetemeka kwa hasira. Mliokuwa kwenye mbio za Mamboleo, hapa Kisumu, leo mnajua namsema nani. Yule. Yule wa miwani ya buluu na baiskeli ya kaboni ambayo haijawahi kuguswa na tope. Jina silitaji na hakuna haja, hata mbuzi wa Kiboswa wanamjua.

Kijana wa mikate, ambaye nusu yenu mmekula mkate wake, amewaacha wote mlimani. Wote! Wenye gia 22, wenye jezi za kubana, wenye saa za kupima moyo. Amefika juu akawangoja mpaka angeweza kuposa, kuoa na kupata mtoto kabla hawajatokea kwenye kona. Ndiyo, ni mara yake ya kwanza kushinda. Sasa? Nani alizaliwa ameshashinda?

Halafu wakati wa zawadi, mbele ya umati, mbele ya mama mzazi aliyejifunga leso mpya kwa ajili ya siku hiyo, yule bwana akachukua chupa ya soda, akamwaga iliyobaki chini, akamnyoshea kijana: "Hebu tuwekee mkojo humu kwanza." Chupa ya soda! Povu bado liko ndani! Watu wakacheka. Na kijana, kwa jinsi alivyolelewa, akaipokea kwa mikono miwili. Mikono miwili, wadau! Alidhani anapewa maji.

Haikutosha. Akainama, akagonga bomba la baiskeli kwa ufunguo wa gari, ko ko ko, ameinamisha sikio eti anasikiliza kama kuna mota. Kweli, mwaka 2016 kule Zolder, Ubelgiji, mota ilipatikana ndani ya baiskeli ya Femke Van den Driessche, akafungiwa miaka 6. Lakini hii nimeifungua mimi kwa mikono yangu. Nimetoa gololi za pedali moja moja nikazipaka grisi. Ndani ya bomba lile kuna kutu na buibui, basi.

Na hiyo pufya, dawa za kuongeza nguvu, anayoisema kijana katumia, anaijua? Chukua EPO: ni dawa ya kuongeza damu, wanadungwa wagonjwa wa figo, na lazima ikae kwenye friji. Kijana anaishi nyumba ya mabati Manyatta, tokeni zikiisha anakula gizani. Friji ataitoa wapi? Lance Armstrong alichukua Tour de France mara 7, kuanzia 1999 hadi 2005, akapimwa na kupimwa, na hadi 2012 ndipo wakamvua zote. Yule alikuwa na daktari, pesa na timu nzima ya kuficha. Huyu ana uji wa wimbi, na kreti za mikate anazopandisha mlima uleule kila alfajiri mkiwa mmelala.

Chupa ya soda! Kipimo cha kweli kina chupa mbili, A na B, zinafungwa mbele ya mwanamichezo mwenyewe, afisa yupo. Si chupa uliyoinywa wewe, mate yako bado yako mdomoni mwa chupa!

OmeraWaDunga:
Nilikuwepo. Na soda yenyewe ilikuwa ya machungwa. Kijana angekojoa, nani angejua tofauti?

FundiSpoki:
Ya machungwa! Asante omera. Nilikuwa nimesahau rangi, sasa silali.

MzeeWaGia:
Fundi, pole. Lakini mchezo huu ndio uliotufundisha kushuku. Floyd Landis, Tour de France ya 2006: leo amekufa mlimani, kesho yake anashinda Morzine peke yake, mkojo ukatoa testosteroni. Juan José Cobo, 2011: hakuna aliyemtazamia, akachukua Vuelta, mbio kubwa za Uhispania. Mwaka 2019 wakamvua kwa pufya, ushindi ukaenda kwa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi. Na huyo Froome kabla ya 2011 nani alikuwa anamhesabu? Hata yeye walimshuku miaka nenda miaka rudi. Ukiibuka ghafla, utaulizwa.

FundiSpoki:
Mzee nakuheshimu sana. Nijibu moja tu: Cobo alipewa chupa ya soda mbele ya mama yake?

BintiWaChavakali:
Biniam Girmay wa Eritrea alipochukua steji 3 na jezi ya kijani ya mwenye pointi nyingi kwenye Tour ya 2024 nilipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna harusi. Sasa wa kwetu akishinda hapa nyumbani tunamletea chupa? Aibu tupu.

KutokaIten:
Tusijidanganye. Ruth Chepng'etich, marathon ya Chicago 2024, saa 2:09:56, rekodi ya dunia ya wanawake, nchi nzima ikashangilia. 2025 akafungiwa miaka 3 kwa pufya. Tangu hapo Mkenya akishinda ghafla, dunia inanusa.

OmeraWaDunga:
Sampuli iliyomponza ilikuwa ya 2025. Rekodi bado ni yake.

KutokaIten:
Sijasema imefutwa. Nimesema wananusa.

MenengaiJuu:
Nyinyi mna chupa, shukuruni. Sisi huku Nakuru tulipanda Menengai kwa ahadi ya pesa taslimu. Tukafika juu tukapewa unga pakiti mbili na fulana za kampeni za mtu aliyeshindwa uchaguzi. Fulana zenyewe za watoto!

BintiWaChavakali:
Na matatu je? Jana moja imenisukuma mtaroni pale Majengo, kondakta akatoa kichwa dirishani akaniambia ninunue gari.

MenengaiJuu:
Hao ndio wangepimwa. Na si mkojo peke yake.

TyubuMbili:
Fundi, samahani kuingilia. Rimu yangu ya nyuma iko kwako tangu kabla ya mvua. Umepata nafasi ya kuandika waraka mzima, ya kunyoosha rimu hujapata?

FundiSpoki:
Hiyo si mada ya uzi huu.

JirakiWaKibuye:
Kumbe tuko wengi! Mimi, Fundi ana kiti changu. Kila nikipita ananiambia "kesho asubuhi".

MzeeWaGia:
Mimi cheni.

FundiSpoki:
Wadau, tunazungumzia CHUPA! Mtu amedhalilishwa mbele ya mama yake!

TyubuMbili:
Na mimi nadhalilishwa kila siku nikienda kazini kwa miguu nimebeba gurudumu la mbele. Kuna anayejua wapi nitapata rimu ya inchi 28, ya baiskeli ya Black Mamba?

JirakiWaKibuye:
Kibuye, nyuma ya mitumba. Usinunue kwa yule wa mlangoni, anapaka rangi zilizopinda.

TyubuMbili:
Yuko wazi Jumapili?