Baridi ya Mbeya na watoto wadogo: mama mkwe anataka jiko la mkaa lilale chumbani, nifanyeje?

MamaWawili_Uyole
Habari zenu wapendwa, naombeni mawazo maana hapa nilipo nimechoka. Nina watoto wawili, mkubwa miaka mitatu kasoro miezi miwili, mdogo miezi saba, tunakaa Uyole, na wanaoijua Uyole ya mwezi wa sita wananielewa, alfajiri ukifungua bomba la nje yale maji yanang'ata vidole mpaka machozi yanakutoka. Mi nimekulia Ifakara, kwetu mtoto anaogeshwa asubuhi na jioni na mchana akichafuka anamwagiwa tena, ndoo moja ya maji ya bombani kazi imeisha. Huku nimeletwa na ndoa tu, huu ndo mwaka wangu wa kwanza wa baridi nikiwa na kichanga, yule mkubwa alizaliwa tukiwa bado Morogoro.

Sasa mama mkwe katoka Makete kaja kunisaidia tangu mwezi wa nne. Kwakweli sina neno baya juu yake, mtoto anabebwa mgongoni mpaka analala, uji anapika yeye, hata usiku mdogo akilia anaamka kabla yangu. Lakini kuna mambo mawili tunavutana. La kwanza ni kuoga. Mama anasema mtoto wa huku haogeshwi kila siku atapata kichomi, apanguswe uso na makalio inatosha. Mi roho inaniuma mtoto kulala hajaoga. Na yule mkubwa ndo kapata mtetezi, akiona tu beseni anakimbilia kwa bibi yake, juzi kajificha chini ya meza kashika mguu wa meza kwa mikono yote miwili, nikamvuta nikaja naye na meza.

La pili ndo linaninyima usingizi. Mama anataka usiku tuwe tunaingiza jiko la mkaa chumbani lipashe joto mpaka asubuhi. Nimesikia watu wanakufa hivyo, ila nikimwambia ananijibu kwa upole tu, "mwanangu, mi nimelea tisa pembeni ya moto". Mume wangu nimemuuliza kasema elewaneni wenyewe, akaendelea kuangalia mpira. Nimwambieje mama bila kumvunjia heshima? Na nyie mnaoishi huku watoto mnawaogesha mara ngapi?

Mzee_wa_Mafiati
Mnasoma sana simu nyie mabinti wa siku hizi. Sisi tumezaliwa saba, tumelala jikoni kuzunguka mafiga moto unawaka usiku kucha na wote tupo mpaka leo, mmoja ana mvi kuliko mimi. Mwache mama afanye anachokijua.

Baba_Mapacha_Mafinga
Mzee wangu shikamoo, ila kwa hili naomba nikupinge na nikupinge kwa nguvu maana yamenikuta.

Dada, jiko lisiingie. Nasema hivi kwa sababu mwaka juzi mwezi wa saba mimi na mke wangu tuliingiza jiko chumbani, hapa Mafinga baridi inashuka na upepo wa kwenye misonobari, tukaona mkaa umeshika vizuri, hauna moshi, mwekundu tu, tukajiona tuko salama. Huo ndo mtego wenyewe, watu wanaogopa moshi, kumbe kinachoua hakionekani. Mkaa ukiwaka ndani hewa haitoshi unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, ukiivuta inakamata ile nafasi ya oksijeni kwenye damu, we unaona umesinzia tu vizuri kumbe unaondoka. Mimi niliamshwa na pacha mmoja anatapika. Nikataka kusimama magoti hayapo, kichwa kinagonga kama kuna mtu anatwanga ndani, nikatambaa mpaka mlangoni nikausukuma kwa bega nikaangukia korido. Mke wangu nilimvuta miguu. Yule pacha wa pili ndo alichelewa kuamka, tulimtoa nje kwenye baridi tukawa tunamwita jina lake, jirani akaja na gari tukakimbia hospitali akawekewa oksijeni. Leo yupo, anaruka, ila mi jiko la mkaa nikiliona karibu na mlango wa chumba natetemeka.

Sasa Mzee wa Mafiati, na hili dada ndo umwambie mama, hakukosea. Yeye hao tisa kawalea kwenye nyumba ya jikoni iliyoezekwa nyasi. Lile paa linapumua, kuta zina upenyo juu, mlango wa mbao una nafasi chini unapitisha paka, moto ukiwaka hewa inatoka na nyingine inaingia. Sisi tumejenga nini? Bati, siling bodi, madirisha ya alumini yenye kioo, tukimaliza tunaziba na chini ya mlango kwa tambara ili baridi isipite. Jiko ni lile lile, nyumba ndo imebadilika. Ukimwambia mama "unakosea" mtagombana, ukimwambia "mama nyumba yetu hii ni kama chungu kilichofunikwa" atakuelewa.

Na msidanganyane eti ukiacha dirisha wazi kidogo mnaweza kulala nalo, hapana. Washa jioni nje, mkaa ukishakolea liwekeni sebuleni mlango na madirisha wazi mkiota mkiwa macho, muda wa kulala jiko linatoka nje ya nyumba kabisa, siyo korido.

Mzee_wa_Mafiati
Marahaba. Kwa hilo la siling bodi umenipata. Jikoni kwa mama yangu asubuhi ulikuwa unaona nyota kupitia kwenye paa. Pole kwa mapacha.

Ndaga_Tukuyu
Nyie watu wa Mbeya mjini mnalia nini na mna jua? Mwezi wa sita na wa saba kwenu mchana jua kali, mbingu bluu, nepi ukianika saa nne saa saba zimekauka. Njooni huku Tukuyu, mvua inapita milimita elfu mbili kwa mwaka, kiangazi chenyewe kina manyunyu, nepi inakaa kambani siku tatu inarudi na ukungu. Mimi nakaushia jikoni juu ya mafiga, mtoto wangu anaenda kliniki ananuka moshi kama samaki wa Matema, manesi wameshanizoea. Za mwisho napiga pasi, ikikosa umeme ile ya mkaa, mpaka ule unyevu wa ndani unatoka mvuke, maana nepi mbichi ndo inamchubua mtoto.

Kuhusu kuoga dada yangu sikiliza. Acha hiyo asubuhi na jioni ya Ifakara. Kichanga hachezi kwenye vumbi, hana jasho huku, mara tatu kwa wiki zinatosha, siku nyingine unamsafisha uso, shingo kwenye mikunjo, makwapa na huko chini kila ukibadilisha nepi. Hapo mama mkwe yuko sahihi kabisa. Ila siku ya kuogesha ogesha kweli, na fanya saa saba au saa nane mchana, siyo jioni. Andaa kila kitu kwanza: taulo, mafuta, nguo zimefunguliwa vifungo kabisa, ndo unamvua mtoto. Beseni weka maji ya baridi kwanza alafu ongeza ya moto, siyo kinyume chake, maana ukianza na ya moto mara simu inaita, yule mkubwa kashatumbukiza mkono. Pima kwa kiwiko, mkono wa mama umezoea masufuria haujui moto. Mimi nafunga mlango na dirisha, namuosha kichwa mwisho kabisa kwa sababu kikilowa ndo joto linapotelea, namkausha na kumvisha mzula hapo hapo. Dakika tano basi. Alafu mafuta mgando mengi, ngozi ya huku ikikauka inapasuka mashavuni mtoto anakuwa kama kapakwa unga.

MamaWawili_Uyole
@Baba Mapacha nimesoma hiyo story yako nimeinuka kwenda kuwaangalia wanangu. Poleni sana. Asante Ndaga, umenichekesha na samaki. Sasa usiku tupashe chumba na nini jamani? Hita ya umeme mume wangu kasema itakula luku yote. Na hicho kichomi nitakijuaje? Maana hapa kila mtoto akikohoa mama anasema si unaona ulimuogesha.

Nesi_Njombe
Kamwene wote. Mimi nipo huku Njombe, baridi yetu mnaijua.

Kichomi, yani nimonia, haitokani na kuoga. Inaletwa na vijidudu. Baridi inachofanya ni kutufungia wote chumba kimoja madirisha yamefungwa, mmoja akikohoa wengine wanavuta. Na moshi wa jiko ndo rafiki mkubwa wa nimonia kwa watoto, kwa hiyo kumkinga mtoto na kichomi kwa kumlaza kwenye moshi ni kumpeleka huko huko. Angalia kadi ya kliniki, kuna chanjo ya nimonia mtoto anapata wiki ya 6, 10 na 14, huyo wa miezi saba awe ameshamaliza zote tatu, kama kuna iliyorukwa nenda usiogope watakufokea.

Kuangalia kifua ni rahisi, mama yeyote anaweza. Subiri mtoto ametulia au amelala, nyanyua nguo, weka simu pembeni ihesabu dakika moja nzima, hesabu kifua kinapanda mara ngapi. Huyo mdogo ikifika 50 au zaidi peleka hospitali siku hiyo hiyo, huyo mkubwa ni 40 au zaidi. Ukiona chini ya mbavu panazama ndani kila akivuta pumzi, au ananyonya anaacha anashindwa, au analegea hata kumuamsha shida, hapo usihesabu chochote, kimbia. Kikohozi na kamasi peke yake mtoto anacheza anakula, hiyo ni mafua, itapita.

Kupasha chumba: pasha kitanda, siyo chumba. Sisi tunatumia ule mpira wa maji ya moto, unaufunga na khanga unauweka kitandani nusu saa kabla, mtoto akiingia unautoa. Usiuache naye, unaweza kumuunguza. Chupa ya plastiki ya maji usijaribu, ukimimina maji yaliyochemka inajikunja mkononi mwako kama imekufa. Nguo vaa mbili tatu nyepesi badala ya sweta moja zito, soksi, na blanketi lisifike usoni. Watu wengi wanapima vidole, vidole vya kichanga vinaweza kuwa baridi wakati wote, shika kifuani au nyuma ya shingo, kama pana joto mtoto yuko sawa, kama pana jasho umemzidishia.

Shangazi_Kihesa
Mie nachangia la huyo wa kwenye meza 😂 maana la jiko limeshajibiwa. Wangu wa Iringa hapa alikuwa hivyo hivyo, baridi ya Kihesa asubuhi na maji, hakuna mtoto anapenda, hata mimi naoga kwa kujilazimisha. Nikagundua shida siyo maji, shida ni kuvuliwa nguo. Anakaa uchi anasubiri maji ndo anachukia. Sasa anaingia kwenye beseni na fulana yake, maji yakishamfikia tumboni anaivua mwenyewe kwa raha zake. Nilitoa na vikombe viwili na kijiko cha mwiko, anapika ugali wa povu. Kumtoa ndo kazi siku hizi.

Na bibi mpe kazi ya kumuogesha yeye. Kabisa. Mtoto anakimbilia kwa bibi si ndiyo? Basi bibi ndo ashike beseni, akimbilie wapi tena. Na mama mkwe akishashika beseni mwenyewe hutasikia tena mambo ya kichomi kaleta fulani.

Mzee_wa_Mafiati
Huyu Shangazi angekuwa mbunge.

MamaWawili_Uyole
Narudi kutoa mrejesho wapendwa, samahani nilikaa kimya siku nne, mdogo alikuwa na mafua. Nilihesabu pumzi kama nesi alivyosema, 38, nikarudia tena kwa sababu sikujiamini, 36. Leo yuko vizuri.

La jiko nilimwambia mama jioni tunamenya viazi. Sikusema mambo ya simu. Nilimwambia mama kule kwenu jikoni moshi ulikuwa unatokea wapi? Akanieleza mwenyewe, juu kwenye nyasi, asubuhi paa lote linafuka utafikiri nyumba inaungua. Nikamuuliza na humu utatokea wapi? Akanyamaza, akaangalia juu kwenye siling bodi, akaangalia dirisha. Akaendelea kumenya. Baadaye sana, tumeshakula, kasimama akachukua jiko kalipeleka nje nyuma ya nyumba, kalifunika na bati, akarudi akaniambia tu "kesho tutafute huo mpira". Mpira nimeupata Mwanjelwa, upo wa kijani, mkubwa anauita mtoto wa bibi na anagoma kulala bila kuushika, nikishautoa ananuna, kwa hiyo namuachia ukishapoa.

Beseni bibi kakubali, ila kasema mara mbili kwa wiki siyo tatu. Nimekubali. Fulana bado hajaivua, anaoga nayo mpaka mwisho, sasa nina fulana mbichi nyingine ya kuanika.