Mgeni mwenye kazi yake Mtwara anataka kujitolea shuleni: tumpokee au tumwambie asubiri?

Mwalimu wa Mikindani
Wadau, habari za jioni. Naomba tulijadili hili kiutu uzima. Shuleni kwetu, sekondari ya kata hapa Mtwara, amekuja mgeni ambaye ni mhandisi kwenye shughuli za gesi. Kazi yake ni ya zamu: akiingia haonekani mjini wiki kadhaa, akitoka ana mapumziko marefu. Badala ya kurudi kwao kila mara, anakaa hapa na mkewe. Anataka muda huo awafundishe kidato cha tatu na cha nne hisabati na fizikia, mchana, mara mbili kwa wiki. Hataki hata nauli.

Hali yetu mnaijua. Hisabati tuna mwalimu mmoja mwajiriwa. Juzi nimepita darasani kwake, kuna mkondo una watoto wanakaa wanne dawati la watu wawili, na wa nyuma wanaandika daftari likiwa juu ya mgongo wa mwenzao.

Mkuu wa shule amesita kwa sababu ya kibali. Bodi nayo imegawanyika. Mjumbe mmoja amesema watu wa namna hiyo wanakuja kupiga picha na watoto wetu. Mwingine akamjibu "mgeni njoo mwenyeji apone". Nyie mnasemaje?

Korosho Ghafi
Mwalimu, hapa mjadala uko wapi? Mtu ana elimu, ana muda, hataki hela. Mpeni chaki. Matokeo ya hesabu ya shule za kata tunayaona kila mwaka yakibandikwa.

Mzee wa Vibali
Taratibu, mkuu. Nimewahi kufuatilia makaratasi ya wageni kwa miaka mingi. Mhandisi huyo bila shaka ana kibali cha ukaazi daraja B, cha kuajiriwa, na kinamfunga kwa mwajiri aliyetajwa mle na kazi iliyotajwa mle. Wa kujitolea wana daraja C, pamoja na wanafunzi, watafiti na wamisionari. Tangu ile sheria ya ajira za wageni ya 2015, kuna kibali cha kazi upande wa Kazi na kuna cha ukaazi upande wa Uhamiaji. Akikutwa darasani maofisa hawatauliza kama analipwa, watauliza anafanya nini pale. Na mkuu wa shule ataulizwa nani kamruhusu. Kabla ya chaki, aende Uhamiaji akiwa na barua ya mwajiri wake na barua ya shule, aulize kwa maandishi, apewe jibu kwa maandishi.

Mama Mlezi, Lindi
Mimi ninauliza kama mzazi. Vibali ni sawa, lakini nani amemchunguza mtu huyu kuhusu watoto? Sheria ya Mtoto ya 2009 tunayo. Vipindi ni vya mchana, wenzao wengine wameshaondoka. Atakuwa na nani darasani? Akitaka kumfundisha binti mmoja aliyebaki nyuma, watakaa wapi? Simtuhumu mtu, ila naona mnagombania chaki kabla ya kuuliza hilo.

Nesi wa Nachingwea, sasa Leicester
Shikamooni wakubwa. Mimi nipo upande wa pili wa swali hili: ni mgeni mwenye kazi yangu, na ninajitolea. Viza yangu ya kazi huku Uingereza inaruhusu kujitolea bila malipo nje ya kazi iliyonileta, kwa hiyo Mzee wa Vibali, kila nchi ina utaratibu wake.

Nilipofika nilikuwa natoka zamu, nalala, naamka, narudi zamu. Upweke uliniumiza sana. Dada mmoja Mghana ninayefanya naye kazi akaniambia nenda kituo cha jirani kinachogawa chakula kwa wenye shida, wanahitaji mikono Jumamosi. Nilijaza fomu, nikataja wadhamini wawili, nikaitwa mahojiano kama ya kazi kabisa. Mwezi wa kwanza nilipewa makopo ya chakula tu: kuchukua moja, kusoma tarehe ya kuisha muda, kuliweka kwenye kasha lake, kuchukua lingine. Hakuna aliyenikutanisha na mteja. Halafu nilipoomba kusaidia klabu ya watoto baada ya shule, ndipo likaja suala la DBS, yaani ukaguzi wa rekodi ya makosa. Kwa anayejitolea serikali haitozi ada, ila lazima upitie, na hata ukipita hukai na mtoto peke yako. Mama Mlezi, kwa hiyo unachouliza si wasiwasi wa bure.

Na kwa mjumbe wa picha: kule nilisaini karatasi kwamba sipigi picha ya mtu yeyote. Basi, kazi iliendelea. Nanyi andikeni karatasi kama hiyo.

Mtu wa Temeke
Nipo Mtwara mwaka wa tatu kikazi, niseme ukweli hata kama utauma. Tatizo la Kusini ni kwamba mmezoeshwa kupokea. Wafini, watu wa Finland, wamekaa huku na miradi yao miaka nenda rudi, wakachimba visima, wakaondoka, pampu zikafa mkaziangalia. Sasa mnamsubiri mzungu aje kufundisha hesabu. Vijana wenu wako wapi?

Kitangari Juu
Wewe bwana wa Temeke umeingia na viatu. Unajua mtu wa Makonde juu anapata maji kwa shida gani? Uwanda wote ule hauna mto. Maji yanasukumwa kutoka Mitema kule bondeni, na mashine ikigoma, ndoo inanunuliwa. Pampu ya kijijini kwetu haikufa kwa uvivu. Kipuri kilikosekana, na fundi aliyefunzwa na mradi akaondoka kutafuta maisha. Tulichangishana, tukatuma mtu mpaka Dar es Salaam akarudi mikono mitupu.

Na madarasa unayoyaona Newala na Tandahimba, mengine yametoka kwenye makato ya korosho zetu, kilo kwa kilo, na tofali tumefyatua wenyewe. Kupokea gani huko?

Mtu wa Temeke
Sijasema wote. Ila 2013 mlichoma mpaka nyumba za watu kwa ajili ya gesi, kujitolea kufundisha watoto wenu hamuwezi?

Kitangari Juu
Umegusa pasipo pako. 2013 watu walikufa hapa. Walikuwa wanauliza bomba linalokwenda Dar es Salaam litawaachia nini. Bomba lenyewe lina urefu wa kilomita zaidi ya 500 na limefunguliwa 2015. Wewe wa Temeke ndiye unayewasha taa kwa hiyo gesi. Usitufundishe kujitolea.

Mkongwe wa Nachingwea
Vijana, mimi nilikuwepo wakati wa Wafini. Miaka ya 1970 walianza na maji. Halafu ukaja RIPS, mradi wao wa maendeleo ya vijijini, kuanzia 1988 hadi 2005, Mtwara na Lindi zote. Hao wa RIPS hawakuja na visima tu. Walikuja na mikutano ya kijiji ambapo bibi kizee anachora ramani ya kijiji chake mchangani kwa kijiti, kisima hapa, zahanati pale, na ofisa wa wilaya amekaa chini anamsikiliza. Nimeliona kwa macho yangu. Kwa hiyo kusema walitufundisha kupokea ni kutojua.

Waliotufundisha kungoja ni wale wa mpango wa mashamba makubwa ya karanga. 1947 Waingereza wamekuja Nachingwea na matrekta, wakajenga reli hadi bandari ya Mtwara, 1951 mpango umekufa, na miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Hapo hakuna mwananchi aliyeulizwa kitu.

Mwana wa Mkwaya
Mzee wangu, shikamoo, lakini reli ilianzia Mkwaya, Lindi! Mtwara ilikuja baadaye. Na makao makuu ya Jimbo la Kusini yalikuwa Lindi kabla hamjayachukua. Kila historia ya Kusini ikisimuliwa, Lindi inafutwa.

Mkongwe wa Nachingwea
Marahaba. Ni kweli ilianzia Mkwaya, bandari ya Mtwara ilipojengwa ndipo ikapelekwa huko. Lakini Nachingwea yenyewe iko Lindi, mjukuu wangu, nani anaifuta?

Korosho Ghafi
Lindi mmepewa Likong'o, mradi mkubwa wa gesi ya kusindika, tulieni.

Mwana wa Mkwaya
Mradi gani? Wenye maeneo Likong'o wameishi miaka na miaka wakisubiri, na hakuna hata tofali la mtambo lililowekwa. Kama hiyo ndiyo zawadi, ichukueni.

Mwalimu wa Mikindani
Jamani, mgeni mwenyewe anatoka India. Sijaandika mzungu popote.

Binti Stella Maris
Nimesoma uzi wote nikajizuia, sasa nashindwa. Mtu wa Temeke kauliza vijana wako wapi. Mimi hapa. Nimesoma ualimu chuo cha Stella Maris, hapohapo Mtwara mjini, hisabati na jiografia. Nimemaliza, ajira sijapata, nimeomba kila zinapotangazwa. Nimejitolea sekondari moja wilayani hadi leo. Naingia darasani vipindi vingi kuliko baadhi ya waajiriwa. Wazazi walikubaliana kuniwekea 50,000 kwa mwezi. Ulipokuja utaratibu wa elimu bila malipo 2016, shule nyingi michango iliingia uoga, na mpaka leo mzazi akiambiwa changia anauliza waraka uko wapi. Mwezi mwingine napata 20,000, mwezi mwingine sipati. Kalamu ya ubaoni nanunua mwenyewe. Napanga chumba, nakula kwa shangazi.

Sasa mhandisi anakuja na gari, atafundisha saa nne kwa wiki, na bodi nzima inakaa kumjadili. Mimi hakuna bodi iliyowahi kukaa kunijadili. Hata barua ya kunitambua niliifuatilia mpaka nikachoka, na barua hiyo ndiyo ningeambatanisha kwenye maombi ya ajira.

Korosho Ghafi
Dada pole, lakini 20,000 kwa mwezi si kazi hiyo. Msimu wa korosho umefika, minada ikianza Oktoba kuna hela. Si ungeingia shambani hata kwa kuokota? Unakomaa na chaki ya nini?

Binti Stella Maris
Kaka, msimu nikiingia shambani Oktoba ndiyo mwezi kidato cha nne wanajiandaa na mtihani wa Novemba. Watabaki na nani? Ninakomaa kwa sababu mwaka jana wasichana wawili wa kijiji kile walipata C ya hesabu, na kabla yao haikuwahi kupatikana na msichana pale. Wewe unaona hela ya mnada, mimi naona hao.

Kitangari Juu
Hapo Korosho Ghafi umekosea adabu. Mwalimu anafundisha watoto wetu bure unamwambia akaokote korosho.

Korosho Ghafi
Sijamdharau. Shamba ni kazi ya heshima, mimi mwenyewe ndiyo imenisomeshea wadogo zangu watatu. Ninachosema, mtu mzima asinyonywe kwa jina la kujitolea. Mhandisi ana mshahara kwingine, anaweza kujitolea. Binti hana mshahara popote, huyo anafanyishwa kazi.

Nesi wa Nachingwea, sasa Leicester
Korosho Ghafi, hili la mwisho umelisema vizuri. Mimi Jumamosi ninajitolea kwa sababu Ijumaa nimelipwa. Dada Stella Maris hana Ijumaa yake. Na pale kituoni mtu wa kujitolea haruhusiwi kuchukua nafasi ya mtu wa mshahara. Mgeni asije akawa sababu ya shule kuacha kuomba mwalimu halmashauri.

Mtu wa Temeke
Dada Stella Maris, swali langu umelijibu. Lakini bado nasema wenyeji wamekuacha, si wageni waliokuacha.

Kitangari Juu
Na wewe uliyekaa mwaka wa tatu na mshahara wa kila mwezi, umejitolea wapi? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe jembe lako liko wapi?

Mtu wa Temeke
Mimi ni mhasibu. Shule ikinihitaji nipo, kwa mahesabu ya michango au hata kufundisha uhasibu kidato cha tatu. Sihitaji kibali, mimi Mtanzania. Mwalimu wa Mikindani, namba ya shule nitumie pembeni.

Mzee wa Vibali
Huyo mpokeeni kesho.

Mama Mlezi, Lindi
Naye asikae na mtoto peke yake. Nimeuliza toka mwanzo, amenijibu nesi aliyeko Uingereza, bodi iliyopo Mtwara bado. Mtu akiwa Mhindi, Mfini, wa Temeke au wa Kitangari, kanuni iwe moja: mwalimu mwajiriwa awepo, mlango uwe wazi, hakuna masomo ya ziada nyumbani kwa mtu, hakuna namba za simu za wanafunzi.

Mwalimu wa Mikindani
Mama, nimekuelewa na nimeziandika hizo nne jinsi ulivyozitaja. Nitazisoma kwenye kikao cha bodi. Kuhusu mgeni, nimeongea naye leo. Amekubali kwenda Uhamiaji na barua mbili kama alivyoelekeza Mzee wa Vibali, na asiingie darasani mpaka ajibiwe. Nilimuuliza pia kama badala ya kusimama yeye mbele ya wanafunzi yuko tayari kukaa na walimu wetu vijana kuandaa mazoezi ya fizikia. Amesema hata hilo analipenda, ila nalo nimemwambia aliulizie hukohuko. Shuleni kwetu tunao wawili wanaojitolea kama Binti Stella Maris, mmoja hajalipwa tangu Machi. Hilo sikuliandika kwenye swali langu, na kikao kitaanza nalo.

Binti Stella Maris
Mwalimu, waandikieni barua hao wawili. Hata kabla ya hela.

Mwana wa Mkwaya
Na kikao kikiisha, mtu aniambie kwa nini hospitali ya rufaa ya kanda nayo imewekwa Mtwara.