Tupeane uzoefu: lini uliuona mkono wa Mungu katika mambo ya kawaida?

Mama Vitenge, Jinja
Wapendwa, hamjambo. Kanisani kwetu ushuhuda ni wa makubwa tu: viza imetoka, uvimbe umeyeyuka. Leo tuongee ya jikoni na barabarani. Naanza. Januari 2022, shule za hapa Uganda zilipofunguliwa baada ya karibu miaka miwili ya korona, nilikuwa na ada ya mtoto mmoja, na ninao watatu. Usiku simu ikalia: pesa zimeingia. Mteja aliyenikopa kabla ya korona, ambaye nilishamfuta kwenye daftari! Hakuandika hata neno. Zilimtosha wa pili. Wa tatu akasubiri, nami nilimshukuru Mungu kwa huyo wa pili hivyo hivyo.

Dereva wa Malaba
Mama, mimi navuta trela Mombasa–Kampala. Nimepita Bugiri usiku, bomba la upepo likapasuka, gari likajikaza katikati ya kona. Kabla sijafungua mlango, utingo keshashuka na panga. Akakata matawi, akayapanga nyuma yetu hadi mbali, la mwisho akilisimamisha kwa jiwe ili lionekane. Matatu ikaja mbio, imejaa. Taa zikagonga yale majani, ikapunguza, ikatupita. Abiria walikuwa wamelala. Hawajui lolote mpaka leo.

Fundi Katwe
Kaka, upepo ukiisha breki zile hujifunga zenyewe, zimeundwa hivyo. Mshukuru na aliyezibuni.

Dereva wa Malaba
Namshukuru, fundi, na utingo nilimnunulia kuku. Lakini kona ile imeua wengine, na najua wapo waliosali asubuhi kama mimi. Ndiyo maana husikii nikisema Mungu ananipenda kuliko wao. Nasema asante, basi.

Bint Bombo
Assalaam aleikum. Bibi yangu alisema Alhamdulillahi hata mvua ikimlowanishia nguo alizokwisha kuanika. Tulimcheka sana. Mimi nimejifungua umeme umekatika, nesi ambaye zamu yake imeisha akinimulikia kwa simu yake hadi mtoto akalia. Pesa alikataa. Siku hizi nikipika gurusa, chapati zetu nyembamba za Kinubi, fungu lake hutangulia.

Mtu wa Kasese
Mei 2020, mto Nyamwamba ulipofurika, jirani alipita akigonga milango. Nyumba ilikwenda na maji, sisi tupo. Shukrani haikuja siku ile, nisidanganye. Ilikuja baadaye sana, tena kidogo kidogo.

Mama Vitenge, Jinja
Pole sana, ndugu yangu. Hapo hata mimi ningenyamaza. Sasa niulize: yule mteja wangu nikimpigia hapokei, nadhani anaona haya. Nimshukuruje?

Fundi Katwe
Mama, mpelekee mkungu wa matoke na bodaboda. Ukishashushwa mlangoni, nani ataubeba kuurudisha?